Fungu la Mwenye Eneo

Jumatatu, 13 Januari

Mhariri wangu, Eunice, ana miaka thelathini na mbili na anaamini kwamba jambo lolote likifanyika mbele ya watoto ni habari njema. Amenitoa Shinyanga mjini nije Bugarama nikae mpaka mwisho wa Aprili, niandike makala tatu kuhusu mwalimu anayefundisha hesabu kwa kadi za bablishi. Nina miaka thelathini na moja katika kazi hii. Nimeripoti maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoporomoka mara tisa, na niliwahi kuhesabu majeneza kwa kidole kwa sababu msemaji alikuwa anadanganya. Sasa naripoti bablishi.

Hali ni hii. Shule iko mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka machimbo ya wachimbaji wadogo. Wachimbaji hutafuna bablishi ili koo lisikauke kwa vumbi, na ndani ya kila karatasi kuna kadi ya mchezaji mpira: picha, namba ya jezi, idadi ya mabao. Wao hutupa kadi, watoto huokota. Mwalimu wa darasa la pili, Bhoke Mwita, ameamua kwamba hizo ndizo zana zake.

Bhoke ni Mkurya wa Tarime, ana miaka ishirini na sita, anajitolea. Mwalimu mkuu, Herman, mtu anayetabasamu kabla hujamaliza sentensi, alinieleza masharti yake huku Bhoke mwenyewe amesimama pale pale, kana kwamba hayupo. Katikati ya Aprili afisa elimu kata ataleta jaribio la hesabu. Theluthi mbili ya darasa wakifaulu, kamati ya shule itambakiza. Wasipofaulu, atafungasha. Darasa lina watoto mia moja na kumi na nane, kwa hiyo theluthi mbili ni sabini na tisa. Herman alisema "kama themanini hivi."

Bhoke aliniamkia shikamoo, nikaitikia. Akaniuliza kama najua kuhesabu. Nikasema najua. Akasema basi nitamfaa, maana wengi wanaokuja hapa hawajui.

Jumanne, 14 Januari

Mvua. Nimepanga chumba kwa Mama Zakia, muuza chai. Bati linavuja juu ya meza, si juu ya kitanda. Nimeridhika.

Jumatano, 22 Januari

Nimekaa nyuma ya darasa siku saba, kwenye dawati la watoto watatu. Magoti yangu yamegusa kidevu.

Somo linakwenda hivi. Boksi la sabuni limejaa kadi. Kila mtoto anachota mbili na kujumlisha namba za jezi. Jezi saba na jezi tisa, kumi na sita. Kisha anatafuta mwenzake mwenye jumla kama yake, na wanaruhusiwa kubadilishana. Mwenye kumi na tano akijaribu kubadilishana na mwenye kumi na sita, darasa zima linamzomea. Bhoke hawakatazi. Anaamini kuzomewa kunafundisha kuliko chaki. Huko nyumbani wengi wanahesabu kwa Kisukuma, na hapa pia, midomo ikicheza bila sauti kabla jibu la Kiswahili halijatoka.

Ni kelele tupu. Wanaume kwenye kadi hizo nusu yao wamestaafu kucheza. Mtoto mmoja alinionyesha kipa mwenye mabao sifuri na kuniambia hiyo ndiyo kadi mbaya kuliko zote, kwa sababu ukiijumlisha hakuna kinachotokea. Nimeliandika hilo. Nitalikata.

Alhamisi, 30 Januari

Mvua kubwa tangu alfajiri. Watoto arobaini na wawili tu. Darasa halina madirisha, lina nafasi za madirisha.

Alhamisi, 6 Februari

Wageni kutoka Dar es Salaam, watu watano, magari mawili, fulana zenye maandishi kuhusu ndoto za mtoto. Waliwaambia watoto wainue kadi juu na kutabasamu. Wakapiga picha mara nne, kwa sababu mara tatu za kwanza kuna mtoto alikuwa anahesabu.

Aliyewapokea ni mwenyekiti wa kamati ya shule, Masudi. Huyu ndiye mwenye eneo la machimbo. Maduara yote ya upande huu yako kwenye ardhi yake. Ni mtu mwenye adabu, hapazi sauti, na hakai mpaka aletewe kiti. Aliletewa. Aliwaambia wageni kwamba yeye amekuwa akisisitiza ubunifu tangu mwanzo. Bhoke aliinama kutafuta kitu ndani ya boksi la sabuni, na akakitafuta mpaka hotuba ikaisha.

Hakuna mgeni aliyemuuliza mtoto yeyote mbili na mbili ni ngapi.

Jumatano, 19 Februari

Mapumziko ya saa nne. Nyuma ya vyoo watoto wamechimba vishimo. Wanazika kadi zao, kisha wanazichimbua. Kila kishimo kina mmoja anayekaa kwenye jiwe bila kufanya lolote. Kadi zikitoka, katika kila kumi yeye anapewa tatu kwanza, ndipo wachimbaji wanagawana zilizobaki. Nilimuuliza aliyekaa kwenye jiwe amefanya kazi gani. Akanijibu kwa upole kwamba yeye ndiye mwenye eneo.

Ndivyo mgao unavyofanyika huko machimboni. Mifuko ya mawe ikipandishwa juu, mitatu katika kila kumi ni ya mwenye eneo kabla mtu mwingine hajagusa. Watoto wanaiga wakubwa. Kasuku naye huiga. Sikuona cha kuandika.

Alhamisi, 27 Februari

Makala ya kwanza imetoka. Eunice ameipa kichwa chenye neno "maajabu." Nimempigia. Amesema wasomaji wanahitaji matumaini. Nimemwambia waende kanisani au msikitini, kote kuko wazi.

Jumatatu, 3 Machi

Ramadhani, siku ya pili. Mvua zimekatika, joto limekaa juu ya bati. Bhoke alinikuta nimeegemea ukuta akanipa pole ya saumu. Mkristo wa kwanza hapa kukumbuka. Halikubadilisha maoni yangu kuhusu kadi.

Alhamisi, 6 Machi

Jaribio la majaribio, ili kupima maendeleo. Liliendeshwa na afisa elimu kata mwenyewe, mama mmoja aitwaye Mageni, aliyefika na pikipiki na bahasha iliyofungwa kwa gundi kama kura. Maswali kumi. Kufaulu ni saba.

Kujumlisha na kutoa walifanya vizuri kuliko nilivyotegemea. Maswali manne ya kugawa yaliwaangusha. Machungwa ishirini wagawiwe watoto wanne sawasawa, kila mmoja atapata mangapi? Sitini na tatu waliandika tatu. Kalamu thelathini kwa watoto watatu? Wale wale sitini na tatu waliandika saba.

Waliofaulu: arobaini na mmoja.

Mageni aliweka karatasi mezani na kusema maneno ambayo nayanukuu kama alivyoyasema: "Watoto sitini na tatu hawawezi kukosea sawasawa bila kufundishwa." Herman alitabasamu. Bhoke alizipitia karatasi moja moja, zote, akarudia. Alisema hakuwafundisha hivyo. Mageni akamuuliza basi ni nani aliyewafundisha, kipa wa kwenye kadi?

Jumatatu, 10 Machi

Makala ya pili imetoka, ukurasa wa tatu. Hii niliiandika kwa raha. Nainakili sehemu, ili iwepo: "Baada ya wiki nane za kadi, zaidi ya nusu ya darasa hawawezi kugawa ishirini kwa nne. Na hawakukosea ovyo. Wamekosea kwa sauti moja, kama kwaya. Kadi zimewafundisha jambo moja kwa uhakika, nalo ni jibu lisilo sahihi."

Namba zote ni sahihi. Nimezihakiki mara mbili.

Jumanne, 11 Machi

Masudi alikuja shuleni na gazeti limekunjwa kwapani. Kamati itakutana Ijumaa kumwondoa Bhoke bila kusubiri Aprili.

Nilipopishana naye mlangoni, Bhoke hakuniamkia shikamoo. Alisema, "Habari za asubuhi." Kwa mtu wa umri wangu, hapa, hilo ni kofi. Nimepigwa mengine.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwa mpangilio, kwa sababu jambo hili linahusu kazi yangu.

Kabla ya kufuturu, Mama Zakia alimpa mwanawe sahani ya tende atugawie. Zakia ana miaka saba, yuko darasa la pili, ni mmoja wa wale sitini na tatu. Tulikuwa wanne: yeye, mama, baba yake anayechimba kwenye duara la Masudi, na mimi. Nilihesabu tende, kwa mazoea tu. Ishirini.

Zakia alizitoa sita, akaziweka pembeni juu ya kifuniko cha birika. Kisha akatugawia tatu tatu. Zikabaki mbili, akazitazama bila kujua la kufanya nazo.

Nilimuuliza zile sita ni za nani.

"Za mwenye eneo," alisema.

Nikamwambia hapa ni nyumbani, hakuna mwenye eneo. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Babu, kila mahali pana mwenye eneo. Yeye anaanza."

Baba yake alicheka mpaka akakohoa. Mama yake akasema mtoto ana akili, angalau hatadhulumu wakubwa.

Ishirini toa sita, kumi na nne. Kumi na nne kwa wanne, tatu, zinabaki mbili. Thelathini toa tisa, ishirini na moja. Ishirini na moja kwa watatu, saba. Watoto wa miaka saba walifanya hesabu mbili pale walipoulizwa moja, na wakazipata zote. Sikuhitaji Zakia anieleze. Nilikuwa nimeyaandika mwenyewe kwenye daftari hili tarehe 19 Februari, nikaongeza kejeli kuhusu kasuku, nikafunga daftari. Mageni alikuwa sahihi kwamba walifundishwa. Hakuuliza na nani. Mimi ndiye niliyelipwa kuuliza, na sikuuliza.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimkuta Bhoke saa moja asubuhi anafagia darasa. Nilimweleza kwa dakika tatu. Hakunishukuru, na sikutegemea. Alikaa kwenye dawati akasema, "Wiki nzima natafuta kosa kwangu." Kisha akasema, "Na wewe uliliona."

Nikasema niliona mchezo. Akasema hapana, niliona hesabu nikaidharau.

Kikao cha kamati. Watu kumi na mmoja chini ya kivuli cha jengo la ofisi. Bhoke alieleza, na Zakia akaitwa akagawa vizibo vya soda ishirini mbele ya wote. Alipoweka sita pembeni, Masudi alicheka kwa furaha ya kweli. Akasema watoto wamegawa sawasawa kabisa. Aliyekosea ni mtunga swali, hakusema machungwa yametoka kwenye eneo la nani. Wajumbe wakacheka naye. Akaamuru mwalimu aachwe mpaka jaribio la Aprili. Mageni, ambaye hakucheka, alisema swali la Aprili litakuwa lile lile na jibu litakuwa tano.

Kwa hiyo Bhoke ana wiki nne na siku chache za kuwaondolea watoto sitini na tatu jambo ambalo wazazi wao wanaliishi kila siku. Niliondoka nikiona kwamba mtu mwenye busara kuliko wote pale alikuwa Masudi. Nimeliandika hili kwa sababu nimelifikiri.

Jumatano, 19 Machi

Masahihisho yangu yametoka. Ukurasa wa kumi na nne, chini ya matangazo ya vifo. Maneno arobaini na mawili. Eunice amesema hakukuwa na nafasi.

Alhamisi, 20 Machi

Bhoke amechora mstari wa chaki mlangoni. Ukiuvuka, uko darasani, na darasani hakuna mwenye eneo. Kadi zikigawiwa, zinagawiwa zote. Aliyepo anapata.

Watoto hawakupenda. Mmoja aliuliza fungu la mwalimu liko wapi. Bhoke akasema mwalimu hapati. Wakanong'ona. Mwingine akasema basi mwalimu anaficha. Wanamwona mwongo. Mtu asiyechukua fungu lake kwanza, kwao, anapanga kuchukua yote baadaye.

Jumanne, 25 Machi

Bado. Leo walimwachia tatu juu ya meza alipogeuka kuandika ubaoni. Akazirudisha. Wakamwachia tena.

Alhamisi, 27 Machi

Zimebaki siku chache shule ifungwe kwa mapumziko mafupi. Bhoke amechoka, sauti imekauka. Leo mtoto wa mbele, mbishi, alisimama akauliza: kama humu hakuna mwenye eneo, kwa nini nje yupo, na yeye huwa anachimba saa ngapi?

Bhoke alikuwa anafuta ubao. Alijibu bila kugeuka. "Kamuulize mwenyewe."

Watoto wakaendelea kugawa. Wakagawa vizuri.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua za masika zimerudi na njia ya shule ni tope jekundu mpaka kwenye kifundo. Tangu watoto warudi kutoka mapumzikoni sijaona kadi zikiachwa mezani. Leo nilikaa kwenye dawati langu na boksi la kadi tisini, nikawaita kumi wagawane. Tisa tisa. Dakika mbili. Hakuna aliyetazama pembeni kutafuta wa kumpa kwanza.

Nyuma ya vyoo vishimo vimejaa maji. Wale waliochimba kingine upande mkavu hawana mtu kwenye jiwe. Nilimuuliza Zakia mwenye eneo yuko wapi. Akasema alikataa kuchimba, wakamfukuza.

Alhamisi, 17 Aprili

Jaribio. Bahasha ya gundi, maswali yale yale kumi. Mageni alisahihisha palepale, nami nikahesabu nyuma ya bega lake mpaka akaniambia nisogee.

Waliofaulu: themanini na wanne. Walihitajika sabini na tisa.

Mageni alisema, "Vizuri," kama mtu anayesaini kupokea mzigo. Herman alimpa Bhoke mkono, akampigia simu mtu na kusema "tumefaulu" mara tatu. Bhoke alitoka nje, akasimama kwenye mvua bila kujifunika, akarudi ndani, akafundisha kipindi kilichobaki.

Nimemwandikia Eunice mistari miwili. Amejibu kwa picha ya mikono inayopiga makofi.

Jumatano, 23 Aprili

Mama Zakia alinieleza leo wakati anaosha vikombe. Yeye alidhani ninajua.

Wakati wa mapumziko yale mafupi, watoto walikwenda kuuliza. Si mmoja. Kama ishirini, kwa makundi, siku tofauti, walimkuta Masudi kwenye kiti chake karibu na karasha, mashine ya kusaga mawe. Walimwamkia shikamoo vizuri, kisha wakamuuliza yeye huwa anachimba saa ngapi. Siku ya kwanza aliwapa bablishi. Siku ya pili wachimbaji waliokuwa wanapumzika walicheka. Siku ya tatu, mifuko ilipopandishwa, mchimbaji mmoja mtu mzima alirudia swali hilo kwa sauti, kwa utani. Wenzake hawakucheka. Walisimama wakisubiri jibu.

Baba Zakia alikuwepo. Nilimuuliza jibu la Masudi lilikuwa nini. Akasema Masudi alikunja kiti mwenyewe akaondoka nacho.

Ijumaa, 25 Aprili

Kikao cha kamati, ajenda moja. Mvua ilikuwa kubwa, kwa hiyo tulikaa ndani ya darasa la pili, wajumbe kwenye madawati, magoti yao kama yangu mwezi Januari. Mlangoni mstari wa chaki ulikuwa umekanyagwa ukawa uji.

Masudi alisema matokeo ni mazuri na anampongeza mwalimu. Akasema shule si hesabu tu, kuna nidhamu. Watoto wameanza kuhoji wakubwa. Hakutaja kiti, karasha wala mifuko. Aliongea dakika kumi na moja kwa sauti ile ile ya kumpokea mgeni. Mimi niliyemwona mwenye busara tarehe 14 Machi nilimsikiliza mpaka mwisho na kujiona mjinga, jambo ambalo halihitaji maelezo zaidi.

Mageni alisema suala la mwalimu wa kujitolea ni la kamati, si la kata. Herman alisema yeye anaheshimu kikao.

Mjumbe mmoja, mama mzee anayeuza ndizi, aliuliza mtoto amehoji nini hasa. Akaambiwa hayo yameshazungumzwa. Akasema hakusikia yakizungumzwa. Akaambiwa apige kura.

Saba walitaka aondoke, wanne abaki. Sababu iliyoandikwa: "matumizi ya kadi zinazohamasisha kamari." Neno kamari halikutamkwa na mtu yeyote kwenye kikao kizima. Nilikuwepo, nina daftari.

Bhoke aliitwa akaelezwa. Aliuliza kama anaweza kumaliza wiki ijayo. Herman akasema haitakuwa lazima.

Nilimkuta anafunga begi kwenye nyumba ya walimu. Nilimwambia nina makala moja imebaki, na kwamba nitaeleza yote: mgao, watoto kwenda kuuliza, kiti kilichokunjwa, kura, uongo wa kamari. Nikamwomba neno lake la kuweka mwishoni.

Aliendelea kukunja nguo. Akasema, "Mara ya kwanza namba zako zilikuwa sahihi, maneno yakaniua. Safari hii andika matokeo. Na majina yao, waliofaulu, wote. Ukurasa ukijaa, acha."

Nikamwambia gazeti halichapishi majina ya watoto themanini na wanne.

"Basi huna makala," alisema, akavuta zipu.

Nimekaa kwa Mama Zakia tangu saa nane, na orodha ya Mageni ya waliofaulu mbele yangu. Nayanakili majina moja moja, nimefika la thelathini na sita. Eunice amepiga mara mbili na sijapokea.